Gredi Moja Imepungua

Barua ya ofa ilitaka AAB, matokeo yanasema ABB. Kwenye hiyo A iliyogeuka B imening'inia nafasi ya chuo kikuu Uingereza, viza, na pengine sherehe ya kuagwa ambayo shangazi ameshaanza kuichangisha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Katika kazi ya kuwashauri wanafunzi, ninachokiona kila Agosti ni vijana wanaojikataa wenyewe kabla chuo hakijawakataa. Anaona B pale alipotarajia A, anazima simu, anajifungia chumbani, na saa ambazo angeweza kuongea na watu wenye uamuzi zinapita yeye kajifunika shuka.

Makala haya ni ya wanaoomba kupitia UCAS, mfumo unaokusanya maombi ya karibu vyuo vyote vya Uingereza. Anaweza kuwa mtoto wa Waswahili anayesoma A-level Leicester au Reading, au aliyefanya mitihani ya Cambridge, Edexcel au IB akiwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Muscat. Njia ni ileile. Mwenye kuhitaji viza ana mzigo wa ziada, nao nitaufikia.

Soma barua kabla ya kulia

Ofa ya masharti huja kwa sura mbili: nyingine hutaja gredi, nyingine hutaja pointi. Kwa hesabu ya UCAS, A* ni pointi 56, A ni 48, B ni 40, C ni 32, D ni 24 na E ni 16. Ukiambiwa ulete pointi 128, hizo ni ABB, lakini pia ni A*BC. Kijana mwenye A* ya Hisabati, B ya Fizikia na C ya Kemia anaweza kuikodolea macho ile C asubuhi nzima akidhani ameanguka, kumbe sharti limetimia, alimradi barua haikuitaja Kemia kwa jina.

Kinyume chake kipo pia, na ndicho kichungu zaidi. Mwenye AAB kamili anaweza kuwa amekosa, kwa sababu barua ilitaka A moja iwe ya Kemia, na B yake ndiyo hiyo ya Kemia. Kwa hiyo siku moja kabla ya matokeo toa barua ya ofa, ichapishe, pigia mstari kila neno la sharti. Utakuta pengine kuna sharti jingine ulilolisahau kabisa, kama vile alama za IELTS au nakala ya cheti cha kidato cha nne. Nimeshuhudia nafasi ikining'inia kwa sababu ya karatasi ambayo haikutumwa, huku mwenyewe akilaumu gredi.

Fungua UCAS kwanza

Matokeo ya A-level ya Uingereza hutoka Alhamisi ya katikati ya Agosti. Mwaka 2024 yalitoka tarehe 15, mwaka 2025 tarehe 14. Ukurasa wako wa UCAS hubadilika mnamo saa mbili asubuhi ya London. Hiyo ni saa tatu ya Kigali na Bujumbura, saa nne ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa tano ya Muscat.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vyuo hupokea matokeo siku kadhaa kabla ya wanafunzi. Maofisa udahili wameshakaa, wameshahesabu viti, wameshaamua wengi wa kuwachukua hata kama gredi imepungua. Ndiyo maana nasema fungua ukurasa wa UCAS kabla ya karatasi ya matokeo. Wako wanaolia kwa ajili ya B huku ukurasa umeshaandika kwamba chaguo lao la kwanza limewapokea.

Si huruma hiyo. Mwaka 2015 serikali iliondoa ukomo wa idadi ya wanafunzi katika vyuo vya England, na kiti kitupu ni ada iliyopotea kwa miaka mitatu. Vyuo vinajua pia kwamba gredi walizokisia walimu wakati wa maombi huwa zimejaa ukarimu. Kozi yenye viti vingi na waombaji wa wastani itameza gredi moja bila kelele. Udaktari wa binadamu na wa meno ni habari nyingine: huko serikali bado inapanga idadi, na gredi moja ni gredi moja kweli.

Ukifungua ukurasa unaweza kukuta umepokelewa chaguo la kwanza. Funga, kamwambie mama. Unaweza kukuta umepokelewa chaguo la akiba, lile uliloweka kwa tahadhari. Unaweza kukuta chuo kinakupa kozi nyingine, au ileile iliyotanguliwa na mwaka wa msingi, na hapo unaombwa ukubali au ukatae. Usibonyeze chochote kabla hujaongea nao. Unaweza kukuta umewekwa kwenye Clearing, dirisha la nafasi ambazo bado ziko wazi. Au unaweza kukuta hakuna kilichobadilika, na hili ndilo huwatia watu wazimu. Maana yake uamuzi haujafanyika au haujaingizwa, nawe una kila sababu ya kupiga simu.

Waliofanya mitihani ya Cambridge au IB, matokeo yao hufika UCAS yenyewe, ikiwa namba ya kituo na ya mtahiniwa ziliandikwa sawasawa. Mwenye cheti cha kidato cha sita cha NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, au KCSE ya Kenya anatakiwa kuyatuma mwenyewe chuoni. Ukisubiri yajitume, utasubiri sana.

Simu yenyewe

Ipige wewe. Chuo hakitaongea na baba, mjomba wala wakala kuhusu faili lako isipokuwa ulimwandika kwenye UCAS kuwa msemaji wako. Na hata kama ulimwandika, ofisa udahili anataka kumsikia mtu atakayekaa darasani. Baba anaweza kukaa pembeni na kalamu, akiandika yanayosemwa. Hiyo ni kazi ya maana, kwa sababu kichwa cha mtoto asubuhi hiyo hakishiki kitu.

Jioni ya siku iliyotangulia uwe umeshaweka salio la kupiga nje, umeandika namba ya kitengo cha udahili ya kila chuo, namba yako ya UCAS, gredi zako za sasa na za kidato cha nne. Ukitoka Afrika Mashariki, tafuta namba ya waombaji wa kimataifa. Foleni yake mara nyingi ni fupi. Simu ikipokelewa, sema mambo kwa mpangilio huu:

"Habari za asubuhi. Namba yangu ya UCAS ni hii. Nina ofa yenu ya Uhandisi wa Mitambo, na nyinyi ndio chaguo langu la kwanza. Mlitaka AAB, nimepata ABB. A ni ya Hisabati, B ni za Fizikia na Kemia. Naona ukurasa wangu haujabadilika. Naomba kujua kama uamuzi umeshafanyika."

Kisha nyamaza. Vijana wetu wana adabu, na adabu hiyo huwafanya wajaze ukimya kwa kuomba radhi: samahani sikusoma vizuri, nilikuwa na mambo mengi, najua sistahili. Usiseme hivyo. Hakuna aliyekuuliza. Umetaja A ya Hisabati, na kwa mhandisi hiyo ndiyo wanayoitafuta, waachie waipime.

Kama kulikuwa na msiba au ugonjwa wakati wa mitihani, utaje kwa sentensi moja na useme una cheti cha hospitali au barua ya shule. Ujue tu kwamba maombi ya kufikiriwa na bodi ya mitihani kwa sababu za namna hiyo hupelekwa na shule mapema, wakati wa mitihani yenyewe. Baada ya matokeo, kilichobaki ni busara ya chuo.

Wakisema "tutakurudia", uliza lini, na kwa simu au baruapepe. Andika jina la uliyeongea naye na saa. Wakisema hapana, usikate simu. Una maswali mawili bado. La kwanza: kuna kozi jirani, au mwaka wa msingi, au nafasi ya mwakani, ambayo mngenifikiria? La pili: nikiomba usahihishaji upya na gredi ikapanda, mtanishikia nafasi hadi lini? Jibu la swali la pili ndilo linalokuambia kama sehemu inayofuata inakuhusu.

Alama mbili au alama kumi na tano

Kudai usahihishaji upya ni haki yako, lakini wengi huitumia kama kutupa ndoana gizani. Anza na namba. Bodi za mitihani hutoa mipaka ya gredi siku ileile ya matokeo, na mratibu wa mitihani wa shule anaweza kukuonyesha alama zako kwa kila karatasi. Tuseme mpaka wa A ya Kemia ulikuwa alama 214 kati ya 300, nawe una 212. Karatasi ya kwanza 78, ya pili 76, ya tatu 58. Hapo una kesi: ni alama mbili tu, na karatasi moja imeanguka mno kulinganisha na wenzake. Kama una 199, alama 15 chini, okoa pesa zako.

Kabla ya kulipia usahihishaji, omba nakala ya karatasi yako uliyoandika, na ukae na mwalimu wa somo. Mwalimu anayeijua skimu ya usahihishaji ataona ndani ya nusu saa kama kuna ukurasa wa ziada uliorukwa au jibu sahihi lililonyimwa alama. Hili lina uzito kwa sababu bodi za England hazibadili alama kwa kuwa msahihishaji mwingine angekuwa mkarimu zaidi. Hubadili pale tu panapoonekana kosa la usahihishaji. Na gredi inaweza kushuka. Ndiyo maana shule itakutaka utie saini ya ridhaa kwanza. Mwenye B ya alama mbili chini ya A hana cha kuhofia sana, lakini mwenye B iliyogusa mpaka wa C afikiri mara mbili.

Kuna huduma ya haraka kwa ambao nafasi yao ya chuo inategemea jibu. Dirisha lake hufungwa takriban wiki moja baada ya matokeo, na maombi yenyewe hupitia shule, si wewe binafsi. Basi siku ya matokeo usiondoke shuleni kabla hujamwona mratibu wa mitihani. Kama shule imefungwa kwa likizo, hakikisha mapema una simu yake. Gredi ikibadilika, ada hurudishwa. Na chuo kiambie siku hiyohiyo kwamba umeomba, kwa baruapepe, ili ibaki maandishi.

Chaguo la akiba na Clearing

Kuna ugonjwa wa kudharau chaguo la akiba. Mtu amekosa la kwanza, amepokelewa la akiba, na badala ya kushukuru anaanza kuwinda jina kubwa zaidi kwenye Clearing. Inawezekana, na wakati mwingine ni sahihi. Lakini kitufe cha kukataa nafasi kwenye ukurasa wa UCAS hakina kitufe cha kurudi. Usikibonyeze mpaka chuo kingine kimekuambia wazi kwamba kinakuchukua. Nikiulizwa mimi, kozi uliyoipenda kwenye chuo cha akiba ni bora kuliko kozi usiyoijua kwenye chuo ambacho wajomba wanalijua jina lake.

Aliyekosa yote mawili huingia Clearing. Watu hudhani huko ni kwa mabaki. Dirisha hilo hufunguliwa mapema Julai na kuendelea hadi Oktoba, na vyuo vyenye heshima huweka nafasi humo kila mwaka, kwa sababu wanafunzi wao pia wamekosa gredi wakaenda kwingine. Wewe uliyekosa A moja unaweza kuwa bora kuliko waliotimiza masharti ya kozi jirani.

Utaratibu unawachanganya wengi. Tafuta kozi kwenye orodha ya UCAS, piga simu chuoni, toa namba yako ya Clearing, taja gredi. Wakikupenda watakupa ofa ya mdomo na kukuambia itakaa saa ngapi. Unaweza kukusanya ofa za mdomo tatu au nne, ukalala nazo ukazitafakari, lakini kwenye ukurasa wa UCAS unaingiza chuo kimoja tu, na tena baada ya chuo hicho kukuruhusu. Ukiingiza, umejifunga.

Katika haraka ya siku hizo ndipo watu hununua kozi kwa jina linalofanana. Aliyekosa famasi huambiwa kuna Sayansi ya Famasia, na masikio husikia kitu kilekile. Sivyo. Shahada ya kwanza ya Sayansi ya Famasia haikufanyi mfamasia aliyesajiliwa, si Uingereza wala nyumbani. Kinachofikisha huko ni shahada ya miaka minne ya MPharm. Kadhalika anayeambiwa asome sayansi ya tiba halafu "atahamia udaktari" aulize chuo, kwa maandishi, kuna nafasi ngapi za kuhamia na kwa matokeo gani. Mtanzania anayetarajia kurudi akumbuke kwamba cheti chake kitapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa, na taaluma zenye mabaraza yake zitataka kujua alisoma nini hasa, si wapi tu.

Anayeishi Uingereza na kutegemea mkopo wa serikali ana kazi moja ya haraka: akaunti yake ya mkopo ibadilishwe ionyeshe chuo na kozi mpya. Na aulize malazi, maana hosteli nyingi huwahakikishia chumba waliokifanya chuo kuwa chaguo la kwanza.

Kwa mwenye kuhitaji viza

Wewe kalenda yako ni fupi kuliko ya mwenzako wa Leicester. Huwezi kuomba viza ya masomo bila CAS, ile namba ya uthibitisho inayotolewa na chuo, na chuo hakitoi CAS mpaka masharti yote yametimia. CAS ni ya chuo kimoja na kozi moja. Ukihamia kwingine, ile ya kwanza haina kazi. Kwa aliye nje ya Uingereza, jibu la viza kwa kawaida huchukua takriban wiki tatu baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Masomo huanza Septemba. Piga hesabu: nafasi ya Clearing inayopatikana siku za mwisho za Agosti inaweza kuwa halali kabisa na bado ikakushinda kwa siku. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa chuo cha Clearing liwe hili: mnatoa CAS kwa siku ngapi, na mwisho wa kufika chuoni ni lini? Wakisita, uliza kama kozi ina muhula wa kuanzia Januari.

Yale usiyohitaji gredi kuyafanya, yafanye mapema. Anayeishi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, nacho hudumu miezi sita. Pesa za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Mzazi akizigusa siku ya ishirini kulipia mafundi, hesabu inaanza upya. Na kama mmeshalipa malipo ya awali ya ada, someni masharti yake: vyuo vingi humrudishia asiyetimiza gredi, ila huweka tarehe ya mwisho ya kudai na kutaka nakala ya matokeo.

Kuhusu kundi la ukoo, mzazi aandike mistari miwili: matokeo ni mazuri, tunasubiri uamuzi wa chuo, tutawaarifu. Na michango isimame kidogo. Mtoto anayejua watu arobaini wanangoja jibu leo atabonyeza chochote ili awe na la kusema.

Kama jibu ni kurudia

Kwa mwanafunzi wa England, kurisiti A-level ni kungoja Mei na Juni ya mwaka unaofuata, na kwa kawaida kurudia karatasi zote za somo. Aliyeko Afrika Mashariki ana nafuu ambayo wengi hawaitumii: Cambridge ina msimu wa Oktoba na Novemba, na matokeo yake hutoka Januari. A-level ya kimataifa ya Edexcel imegawanywa vipande, na ina misimu ya Oktoba, Januari na Juni, ingawa si kila somo hupatikana kila msimu. Unaweza kurudia kile kipande kilichokuangusha tu. Usajili wa msimu wa Oktoba hufungwa upesi baada ya matokeo ya Agosti, hivyo muulize mratibu wa mitihani wiki hiyohiyo.

Wakati huohuo, ABB iliyopungua kwa chuo kimoja cha Uingereza ni matokeo makubwa kwingineko. Madirisha ya udahili Tanzania huwa yanaendelea miezi hiyohiyo. Mwenye vyeti vya Cambridge anahitaji kwanza ulinganifu kutoka NECTA, jambo linalochukua muda wake, kwa hiyo hata asiye na nia ya kubaki si vibaya aanze kuufuatilia.

Utakayeomba upya UCAS, taja matokeo yote uliyonayo; kuyaficha kunaweza kukugharimu ofa. Kumbuka pia kwamba tangu udahili wa mwaka 2026 ile insha moja ya kujieleza imekuwa maswali matatu, kwa hiyo insha ya mtindo wa zamani haiwezi kunakiliwa ilivyo. Wa udaktari, Oxford na Cambridge, mwisho ni 15 Oktoba, na wengine ni Januari. Safari hii chaguo la akiba liwe chini ya la kwanza kwa gredi moja au mbili za kweli. Akiba inayotaka AAB sawa na chaguo la kwanza haikingi chochote.

Lakini kabla ya kulipa ada ya marudio, piga simu chuo unachokitaka. Vipo vinavyopandisha ofa kwa aliyerudia, na baadhi ya shule za udaktari hazipokei marudio kabisa. Waulize wanataka gredi gani kwa mtu aliyerisiti somo hilo, na uwaombe wakujibu kwa baruapepe.